Ruhusuni banda la kuku katika kila darasa la awali: barua ya wazi kwa wanaosimamia elimu na mifugo

Waheshimiwa viongozi,

Mimi ni mwalimu wa darasa la awali katika shule ya msingi ya serikali wilayani Kilosa, mkoani Morogoro. Barua hii naielekeza kwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia, Waziri wa Nchi anayesimamia Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (TAMISEMI), Waziri wa Mifugo na Uvuvi, na Mkurugenzi Mkuu wa Taasisi ya Elimu Tanzania. Ombi langu ni moja. Toeni waraka wa pamoja unaoruhusu na kuwezesha darasa la awali la kila shule ya msingi kufuga wanyama wachache wa kufundishia, tukianza na kuku, na penye nafasi na malisho tuongeze mbuzi. Nasisitiza wa kufundishia, kwa kuwa mradi wa mifugo wa shule ni jambo jingine, na huko mbele nitaeleza kwa nini nautenga.

Nimeamua kuandika hadharani kwa sababu njia ya kawaida imeshindikana. Katika shule moja niliyowahi kufundisha, wazazi walituchangia kuku na sisi walimu tukawatengenezea banda la mabanzi nyuma ya darasa. Watoto wakawa wanawahi shule ili wawakute wakifunguliwa. Baadaye akaja afisa mmoja kukagua, akauliza kuku wale wameandikwa kwenye waraka gani. Hatukuwa na jibu. Akaagiza waondolewe, na wakaondolewa. Simsemi kwa chuki. Aliogopa kuulizwa na wakubwa zake, kama mwalimu mkuu wetu alivyoogopa kuulizwa na yeye. Hofu ya namna hiyo inaweza kuondolewa na karatasi moja yenye sahihi zenu.

Tazameni kwanza kile tunachofundishia sasa. Darasa la awali lenye bahati lina chati ya wanyama wafugwao ukutani. Siku mkitembelea shule, isogeleeni. Ng'ombe aliyechorwa mara nyingi ana mabaka meusi na meupe, mgongo umenyooka, nundu hana. Mtoto wa Kilosa, wa Igunga au wa Simanjiro, anayepishana njiani kila asubuhi na ng'ombe wenye nundu, anaambiwa huyu wa ukutani ndiye ng'ombe. Kuku wa kwenye chati hiyo hiyo analingana na ng'ombe kwa ukubwa, maana kila mnyama amepewa kisanduku chake na visanduku vyote ni sawa. Mtoto aliyezaliwa Manzese au Buguruni, ambaye hajawahi kusimama karibu na ng'ombe, atabaki na picha hiyo. Kisha tunawaimbisha: ng'ombe hutupa nini? Maziwa. Kuku hutupa nini? Mayai. Wanajibu kwa sauti moja, wanapigiwa makofi, nasi tunaandika kwenye andalio la somo kwamba lengo limefikiwa.

Mtaala wenyewe haukutaka hivyo. Mtaala wetu wa elimu ya awali unamtaka mtoto ajifunze kwa michezo na vitendo, ndani na nje ya darasa. Unataka kona za ujifunzaji. Unamtaka mwalimu atumie zana zinazopatikana katika mazingira ya mtoto. Na mazingira ya mtoto wa Tanzania yana nini kuliko mifugo? Nchi hii ina ng'ombe zaidi ya milioni 30, na kuku wapo karibu kila uga, vijijini na hata uswahilini. Tumetengeneza kona ya duka kwa makopo matupu na kona ya nyumbani kwa vyombo vya plastiki, lakini kitu kilicho hai, kinachokula, kinachougua na kuzaa, tumekiacha nje ya uzio.

Niruhusuni nieleze kwa urefu kuku mmoja anayeatamia anaweza kufundisha nini, kwa sababu nadhani wengi walio maofisini hawajapata nafasi ya kuliona hili karibu.

Kuku ana mayai 12 chini yake na yanahitaji siku 21. Watoto wanawekewa makopo mawili na vizibo vya soda 21. Kila asubuhi mmoja wao anahamisha kizibo kimoja kutoka kopo la kushoto kwenda la kulia, na wenzake wanahesabu vilivyobaki. Namba 21 ikiwa ubaoni ni ngumu kwa mtoto wa miaka mitano. Ikiwa ni siku zilizobaki vifaranga watoke, haimpigi chenga. Humo humo anajifunza jana, leo, kesho na keshokutwa, anajifunza zaidi na pungufu, na anajifunza kusubiri, jambo ambalo hakuna kitabu cha mazoezi kinachoweza kumfundisha.

Wiki ya kwanza ikiisha, mwalimu anachukua yai moja, anaingia na watoto watano kwenye chumba kilichofungwa madirisha, anamulika tochi ya simu kwenye kitako cha yai. Ndani inaonekana mishipa myekundu iliyotawanyika kama mizizi ya mche, na katikati doa jeusi linalochezacheza. Yai lisilo na mbegu linang'aa tupu. Hapo watoto hunyamaza, kisha maswali yanakuja yote kwa pamoja. Anapumua vipi na mlango haupo? Anakula nini? Anamjua mama yake? Haya ni maswali ya sayansi, na yametoka kwa mtoto bila mwalimu kuyapachika. Majibu yapo na yanaweza kuonyeshwa. Ganda lina vitundu vidogo sana ambavyo hewa hupita. Ukilitumbukiza yai bichi kwenye maji ya moto, utaona vipovu vikitoka kwenye ganda. Kiini ndicho chakula chake. Na siku moja au mbili kabla ya kuanguliwa, kifaranga huanza kulia angali ndani ya ganda, na mama yake humjibu. Watoto wakikaa kimya karibu na kiota wanasikia kwa masikio yao wenyewe.

Kila mtoto wa Kiswahili anakijua kitendawili cha nyumba isiyo na mlango. Darasani wanakijibu kwa kukariri. Lakini mtoto aliyemwona kifaranga akitoboa ganda kwa kijino cheupe kilicho juu ya mdomo, akaona anavyodonoa, anapumzika, anadonoa tena kwa saa nyingi, huyo anakijibu na kukibishia: mbona mlango ameutengeneza mwenyewe! Nimelisikia jibu hilo darasani kwangu, na sijapata kusikia la namna hiyo kutoka kwa mtoto aliyefundishwa yai kwa kadi ya picha.

Wazazi wana hofu yao, na naielewa. Wanataka kuona daftari. Mtoto akirudi nyumbani mama anauliza umeandika nini leo, na akiambiwa tulikuwa kwa kuku, anadhani sasa itabidi alipe ada ya twisheni. Nawaeleza hivi. Mtoto anayechukua punje ya mahindi moja moja kwa kidole gumba na kidole cha shahada, akairusha pale anapotaka, anaviimarisha vidole vile vile vitakavyoshika penseli. Anayepima pumba kwa kopo, vikombe vitatu asubuhi na viwili jioni, yuko kwenye hisabati. Anayetenga mayai makubwa na madogo, meupe na ya kahawia, anapanga makundi. Anayesimulia jinsi mwewe alivyoshuka na kuku alivyotanua mbawa anatunga habari yenye mwanzo, kati na mwisho. Herufi k ikija baada ya hapo, inakuja na kuku anayemfahamu, mwenye jina alilopewa na darasa.

Kwa sisi tunaofundisha vijijini kuna faida nyingine ya lugha. Wapo watoto wangu wanaozungumza Kikaguru au Kisagara nyumbani, na wapo wanaozungumza Kimaasai. Wanaingia darasa la awali Kiswahili hawajakizoea. Nikisimama mbele ya chati nikasema kiota, ganda, ute, kuatamia, kudonoa, kuparua, maneno yanapita juu ya vichwa vyao. Tukiwa tumechuchumaa bandani, kila neno lina kitu chake mbele ya macho, na mtoto analichukua mara moja. Wenzake wanamsahihisha, naye anawafundisha neno la kwao. Mwalimu hahitaji kutafsiri chochote.

Mbuzi ana mambo yake. Mwacheni mtoto amtazame mbuzi aliyelala kivulini akicheua. Atamwona anatafuna, anameza, anatulia kidogo, halafu tonge linapanda shingoni kutoka chini kwenda juu, linaonekana kabisa chini ya ngozi, na kutafuna kunaanza upya. Mtoto akiona hivyo mara mbili atauliza. Akifunguliwa mdomo wa mbuzi na mtu mzima anayejua kumshika, ataona kwamba mbele, juu, mbuzi hana meno; chini tu. Atajigusa meno yake. Kama yuko kwenye umri wa kung'oka meno ya utoto, mazungumzo yatakayofuata yatamchukua mwalimu kipindi kizima, na kisiwe kipindi cha kupoteza. Mboni ya jicho la mbuzi imelala upande, yetu ni ya duara. Watoto wanaligundua hilo kabla ya mwalimu, kwa sababu macho yao yako kimo kimoja na ya mbuzi.

Nina sababu nyingine ya kutaka wanyama shuleni, na hii naitoa nikiwa mtu wa Kilosa. Desemba 2000, Rudewa, watu zaidi ya 30 waliuawa katika mapigano ya wakulima na wafugaji. Tangu hapo Kilosa na Mvomero hatujaacha kusikia habari za mifugo kuingia shambani na mapanga kutoka. Darasani kwangu wamekaa watoto wa pande zote mbili kwenye mkeka mmoja. Mtoto wa mkulima nyumbani anasikia ng'ombe ni mharibifu. Mtoto wa mfugaji anasikia shamba ni la watu wanaoziba njia ya maji. Huyu wa mfugaji, kabla hajafika shule, tayari amekabidhiwa wana-kondoo na ndama wa karibu na boma. Anawajua mmoja mmoja kwa rangi na anatambua aliyeugua kwa kumtazama masikio. Akifika darasani elimu hiyo yote haina mahali pa kukaa. Anaonekana mzito kwa sababu hajui kuchora duara. Mbuzi akiwepo shuleni, mtoto huyu ndiye anayewaonyesha wenzake namna ya kumsogelea. Na mwenzake wa mkulima, ambaye amepanda mahindi kwenye kibustani cha darasa, ndiye atakayelia mbuzi akiyafikia. Mwalimu mwenye busara atakuwa na kazi ya maana sana siku hiyo: wataweka uzio wapi, mbuzi atapita wapi kwenda kunywa maji, nani atamchunga. Sisemi darasa la awali litamaliza ugomvi wa ardhi. Nasema watoto hawa watakuwa wamewahi kulizungumza jambo hilo wakiwa wadogo, pamoja, na mtu mzima akiwaongoza.

Sasa nieleze kwa nini natenga mifugo ya kufundishia na mradi wa shule. Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, akataka shamba liwe sehemu ya shule na shule iwe sehemu ya jamii inayoilisha. Andiko hilo naliheshimu. Lakini lilikuwa linawazungumzia wanafunzi wenye nguvu za kuzalisha. Humo humo alipendekeza umri wa kuanza shule usogezwe mbele ili anayemaliza awe mkubwa wa kutosha kujitegemea. Mtoto wa miaka mitano hakuwa kwenye hesabu ile. Na tunayajua yaliyofuata katika shule nyingi. Banda likawa mahali pa adhabu. Aliyechelewa akafagie kinyesi, aliyepiga kelele akakate majani. Watu wengi wa rika langu wanaikumbuka harufu ya banda la shule pamoja na fimbo. Tukiwaleta wanyama kwenye darasa la awali kwa mlango ule ule wa mradi, tutarudi kule kule: mwalimu mkuu atadaiwa taarifa ya mapato, mayai yatahesabiwa kabla ya watoto, na kazi itawaangukia wadogo.

Kwa hiyo waraka useme waziwazi. Mtoto wa awali hasafishi kinyesi, habebi maji mazito, hatumwi bandani peke yake. Analisha, anaongeza maji kwa kikombe, anaokota mayai, anatazama, anachora, anauliza, anasimulia. Kazi nzito ni za watu wazima. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamlinda mtoto dhidi ya kazi za kumdhuru, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 inamlinda mnyama dhidi ya mateso. Waraka uzitaje zote mbili. Mayai yanayopatikana yachemshwe na watoto wale pale pale wakiwa wamenawa. Kuku watano hawatamaliza udumavu, na asije mtu akautumia mpango huu kama mbadala wa uji na chakula cha shule. Halafu kuku wa darasa asichinjwe kumkirimu mgeni, hata awe mgeni wa ngazi gani. Nalisema hili kwa sababu najua linavyotokea, na najua watoto wanavyoingia darasani siku ya pili yake wakaulizia kuku wao na mwalimu akatazama chini.

Wanyama watakufa pia. Mwewe atachukua kifaranga, ugonjwa wa mdondo utapita, mbuzi atazaa mfu. Wapo wenzangu wanaoona hapo ndipo penye shida, watoto wataumia. Mimi naona hapo ndipo mtoto anapohitaji mwalimu. Wengi wao nyumbani wameambiwa bibi amesafiri, na wanasubiri arudi. Mtoto aliyemgusa kifaranga aliyepoa, akaona hapumui wala haamki, akasaidia kumfukia, akaruhusiwa kulia na kuuliza, anapata ukweli kwa kipimo anachoweza kukibeba. Kitu ambacho mwalimu asifanye kamwe ni kuleta kifaranga kingine usiku na kudai ni yule yule.

Kuhusu magonjwa sitaki kuyafunika, maana mkiyasikia kwanza kwa wanaopinga, mtasema hatukuyafikiria. Kuku hubeba salmonela, mbuzi hubeba bakteria na minyoo, na watoto wadogo wakipata kuhara hudhurika haraka kuliko sisi. Brusela, inayofanya mbuzi na ng'ombe watupe mimba, humpata binadamu kupitia maziwa mabichi na kwa kugusa mnyama anayezaa. Hatari hizi zina dawa inayojulikana. Maji yanayotiririka na sabuni viwe mlangoni mwa banda, si mwishoni mwa uwanja. Mtoto hali wala hanywi bandani. Habusu kifaranga, na mtashangaa jinsi wanavyopenda kuwabusu. Maziwa hayanyweki bila kuchemshwa. Mbuzi apimwe kabla hajaletwa, na siku anazaa watoto watazame kutoka mbali. Mbwa na paka wasiochanjwa kichaa cha mbwa wasiingie kwenye mpango huu kabisa. Mtoto mwenye pumu afahamike. Shule isiyo na maji isipewe kibali mpaka maji yafike, na hapo nawaambia kwa uchungu kwamba shule nyingi zitabaki nje, kwa hiyo nendeni na bomba kwanza.

Mdondo ndio unaomaliza kuku wa kienyeji, na chanjo yake tunatengeneza wenyewe Kibaha, chini ya Wakala wa Maabara ya Veterinari. Ni tone moja la jicho kila baada ya miezi mitatu, na chanjo hiyo inavumilia joto kuliko zile za zamani. Tatizo la shule yenye kuku watano ni kwamba kichupa kimoja kina dozi za kutosha kuku wengi mno, na kikishafunguliwa hakikai. Hapo naona nafasi. Siku ya chanjo ya shule iwe siku ya chanjo ya kitongoji. Wazazi walete kuku wao kwenye matenga, afisa mifugo wa kata aje na kichupa, watoto wakae pembeni wakihesabu kwa mawe kuku waliopita. Kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo iliyozinduliwa 2025 imeshaweka njia. Darasa la awali liingizwe kwenye ratiba hiyo. Mzazi ambaye hajawahi kukanyaga shuleni ila siku ya kuandikisha atakuja siku hiyo, kwa sababu kuku wake ni mali.

Likizo watakaa na nani? Swali hili huulizwa kila mara na ni la haki. Kwetu wazazi walipanga zamu: kuku wanahamia kwa familia moja jirani na shule, na mayai ya wakati wa likizo ni ya familia hiyo. Wizi upo, na banda lijengwe linapoonekana na mlinzi, siyo nyuma ya vyoo. Majiji yana sheria ndogo zinazobana ufugaji, hivyo shule za Dar es Salaam, Mwanza na Arusha zitahitaji kibali cha halmashauri. Waraka wenu ukitaja jambo hilo, halmashauri zitakuwa na pa kusimamia. Na katika jamii yenye Waislamu na Wakristo hakuna haja ya kugombana: kuku, bata, sungura na mbuzi vinatosha, nguruwe asiletwe.

Ugumu mkubwa zaidi ni wingi wa watoto. Kiwango chetu ni mwalimu mmoja kwa watoto 25, na ninyi mnajua kwamba walimu wengi wa awali wana mara mbili au mara tatu ya hapo, peke yao. Mwalimu hawezi kuingia bandani na watoto 70. Anaweza kuingia na watano au sita, wengine wakiwa kwenye kona nyingine, ikiwa kuna mtu mzima wa pili. Mtu huyo yupo kijijini. Ni bibi aliyefuga kuku miaka yote, ni mzee aliyechunga tangu utoto, wanaojua mambo ambayo mimi na stashahada yangu siyajui. Wekeni utaratibu wa kuwatambua, wapate mafunzo mafupi ya usalama wa mtoto, wathibitishwe na kamati ya shule, na walipwe posho kidogo kwa siku wanazokuja. Hili lisiachwe kwenye kujitolea, kwa sababu wazee wetu tumewaomba kujitolea kwa mambo mengi mno.

Mafunzo ya walimu yanahitaji kuguswa vilevile. Maria Montessori alipoanza na watoto wa mtaa wa maskini wa San Lorenzo, Roma, mwaka 1907, na katika kazi iliyofuata, alihesabu kutunza mimea na wanyama kuwa sehemu ya malezi ya mtoto, na vyuo vya Montessori tunavyo hapa nchini. Wakala wa Mafunzo ya Mifugo una kampasi Tengeru, Mpwapwa, Morogoro, Buhuri na kwingineko. Chuo cha ualimu kilicho karibu na kampasi hizo kiwapeleke wanafunzi wake wa elimu ya awali kwa wiki moja wajifunze kumshika kuku, kumtambua mgonjwa, kusafisha banda na kuwaongoza watoto wakiwa karibu na mnyama. Walimu wengi vijana wametoka mjini na wanaogopa jogoo. Hofu hiyo mtoto anainusa.

Kila mmoja wenu ana sehemu yake, nami naitaja ili pasiwe na kutupiana. Wizara ya Elimu itoe waraka na ielekeze wadhibiti ubora wa shule wakague banda kama wanavyokagua kona za darasani. Taasisi ya Elimu iandike kiongozi cha mwalimu, chepesi, chenye shughuli za mwaka mzima na picha za mifugo yetu wenye nundu na shingo tupu, na irekebishe zile chati. TAMISEMI iruhusu fedha za uendeshaji wa shule zitumike kununua wavu, bati na pumba bila mwalimu mkuu kuandikiwa hoja ya ukaguzi. Wizara ya Mifugo iandike kwenye majukumu ya afisa mifugo wa kata kwamba atatembelea darasa la awali walau mara moja kila mwezi. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto iliyoanza 2021/22 ilizikutanisha wizara nyingi kwa ajili ya mtoto mdogo, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema wizara hizi hazina pa kukutania.

Siombi nchi nzima mwaka mmoja. Anzeni na halmashauri chache zinazotofautiana: moja ya wafugaji, moja ya pwani, moja ya mjini, moja ya milimani. Wapeni walimu wake miaka miwili, waulizeni nini kimekwama, ndipo mpanue. Halmashauri zinaandaa makadirio ya mwaka wa fedha unaoanza Julai, na waraka ukichelewa tutakuwa tumekosa mwaka mwingine wa watoto ambao wanapita awali mara moja tu. Kilosa iwekwe kwenye orodha hiyo ya kwanza. Banda tutajenga, mabanzi tunayo, na wazazi wameshaniuliza ni lini waanze kuleta kuku.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa darasa la awali
Kilosa, Morogoro

Nakala: Afisaelimu Mkoa; Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri; Mwenyekiti wa Kamati ya Shule